Ufa kwenye dari ya jipsamu: utepe wa karatasi au wa wavu?

Hapa Kisumu, paa la mabati hupanuka mchana na kusinyaa usiku, mbao zikavutwa, na dari ikapasuka kwenye maungio. Utepe wa wavu una gundi yake: unabandika juu ya ufa, unapaka filla (uji mzito wa kuzibia nyufa), basi. Lakini nyuzi zake hunyumbuka, na unahitaji filla ya unga inayoganda yenyewe ikichanganywa na maji. Ile ya ndoo, inayouzwa ikiwa imeshachanganywa, ni dhaifu mno juu yake.

Mimi nachagua karatasi. Kwangua filla iliyolegea, kaza skrubu, paka filla mbichi, laza utepe, kisha ukamue kwa skrepa mpaka hewa yote itoke. Ukiacha kiputo, utepe utabanduka. Shingo huuma kweli, ila maungio hutulia. Kama kuna doa la maji, ziba paa kwanza.