Mihadhara 12 ya Mwalimu: nilichokipata, na kilichokatwa

Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walipotangaza kwamba wamekusanya mihadhara yake 12 kuhusu elimu ya watoto wenye vipawa, nililipia siku hiyohiyo. Alikuwa profesa, ila sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo darasani. Sote tulisema Mwalimu, naye aliitika. Alisimamia tasnifu yangu kwa miaka mitatu, na tangu tumzike sikuwa nimeisikia sauti yake. Msomaji ajue mapema kwamba anayeandika hapa alimpenda sana.

Unachopata ni faili za sauti, kila moja kama saa moja na nusu, pamoja na kijitabu cha michoro aliyokuwa akiichora ubaoni. Sauti ya Mwalimu ni safi kabisa, hata chaki inasikika. Michoro imenakiliwa kwa uangalifu.

Anza na mhadhara wa 2, hata kama wewe si mwalimu. Unahusu mwanasaikolojia Lewis Terman, aliyeanza mwaka 1921 kule California kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kwa kutumia kipimo cha IQ, akawafuatilia zaidi ya 1,500 hadi utu uzimani. Wavulana wawili waliopimwa hawakufikia alama zilizotakiwa, wakaachwa: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata. Nimewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa ili watu wacheke. Mwalimu hakumcheka Terman. Alimweleza kama mtafiti makini aliyekiamini kipimo chake, kisha akatutaka kila mmoja wetu aandike jina la mtoto ambaye yeye mwenyewe, kwa kipimo chake, alimpita bila kumwona. Mimi niliandika jina moja, nikalifunika kwa mkono.

Mhadhara wa 3 ndio moyo wa mkusanyiko wote. Hapo anafundisha miviringo mitatu ya Joseph Renzulli, mtafiti wa elimu ya wenye vipawa, ya mwaka 1978: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ile hali ya mtu kuishikilia kazi bila kuiachia. Kwa Renzulli, kipawa huonekana pale miviringo hiyo inapokutana. Hayo utayasoma popote. Swali ambalo Mwalimu alilipachika juu yake ndilo utalipata hapa tu: huyu mtoto anafanya nini wakati hajaambiwa afanye chochote?

Swali hilo lilinikuta na aibu yangu. Nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyemaliza zoezi la hesabu kwa dakika saba, kisha akawasumbua wenzake mpaka kipindi kiishe. Nilikuwa nikimsimamisha nyuma ya darasa. Nilipomweleza Mwalimu, nikitegemea anipe mbinu za nidhamu, alisema, "Niletee daftari lake." Nikampelekea. Akaligeuza, akaanza kulisoma kutoka nyuma, kwenye zile kurasa ambazo watoto huchorachora. Huko kulikuwa na nukta zilizopangwa kwa pembetatu: 1, 3, 6, 10, 15, zikiendelea kurasa nne nzima, na pembeni mtoto alikuwa amejaribu kutafuta njia ya kuijua ya ishirini bila kuzihesabu zote. Mwalimu alikaa na kurasa zile muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu amekuwa akifanya kazi yake. Wewe ndiye umekuwa ukimkatiza."

Tiba yake imo katika mhadhara wa 7, kuhusu kubana mtaala, na huu ningeshauri usikilizwe kalamu mkononi. Mpe mtoto mtihani wa mwisho wa mada siku ya kwanza. Anachokijua tayari, mwondolee. Muda uliobaki ni wake, lakini uwe na kazi ya kweli, kwa sababu kumwongezea maswali 20 yaleyale ni kumwadhibu kwa kujua. Yule msichana alipata 19 kati ya 20 katika mada ambayo nilipanga kumfundisha kwa wiki tatu. Wiki hizo tatu alizitumia kwenye pembetatu zake.

Mhadhara wa 9, kuhusu watoto wenye kipawa na disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma) kwa pamoja, ni mfupi kuliko ningependa, ila una maelezo bora niliyowahi kuyasikia juu ya jinsi kimoja kinavyokificha kingine: akili inafidia shida ya kusoma, shida ya kusoma inaificha akili, na mwalimu anaona alama za katikati asishtuke. Wa 10, kuhusu jinsi sera zilivyofasili mtoto mwenye kipawa tangu ripoti ya Marland, ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 1972, unafaa kwa anayejiandaa kwa mtihani. Wengine wauruke.

Sasa nije kwenye kasoro, maana ipo na ni kubwa. Waliohariri wamekata ukimya.

Mwalimu alituambia mara nyingi kuhusu Mary Budd Rowe, aliyepima miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walipozoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mwalimu aliishi hivyo. Akiuliza, aliweka chaki mezani na kungoja, na kungoja kwake kulikuwa na upole uliokufanya uone kwamba jibu lako anahitaji kweli kulisikia. Katika rekodi hizi anauliza na papo hapo anaendelea, kama mtu mwenye haraka. Atakayemjua kwa faili hizi tu atadhani alikuwa akijijibu mwenyewe. Maswali ya wanafunzi nayo yako mbali na kipaza sauti; mengi hayasikiki.

Sehemu moja imesalia. Mhadhara wa 6, dakika ya 41, anauliza kwa nini mtoto hodari aanze kuficha anachokijua. Nilihesabu: sekunde 11. Kiti kinalia, mtu anakohoa. Halafu inasikika sauti ya mbali ikitoa jibu lililokosewa nusu, ikasita. Ni sauti yangu. Mwalimu anasema, "Endelea, umefika karibu."

Kwa mwalimu wa darasa, mzazi mwenye mtoto anayechoshwa na shule, au mwanafunzi wa elimu, mkusanyiko huu unastahili kununuliwa, na mhadhara wa 2, 3 na 7 peke yake inatosha kuulipia. Kwa walioukusanya nina ombi moja: kama kanda asilia bado mnazo, toeni toleo lisilokatwa. Urefu wa ziada hautatusumbua. Nitalinunua tena, na nitajitolea kuandika maswali yote ya wanafunzi yasiyosikika, maana mengi ninayo kwenye daftari langu la wakati ule.