Uzoefu wangu na rekodi za mashabiki za Bob Dylan: usiku wa mafua na usiku wa balaa

Nitangulize onyo. Kama unataka kusikia nyimbo za Bob Dylan, yule mwanamuziki mkongwe wa Marekani, zilivyo kwenye albamu, rekodi hizi hazikufai, tunza bando lako. Ninazozizungumzia ni zile walizonasa mashabiki wenyewe ukumbini, kinasa sauti kimefichwa ndani ya koti, maikrofoni ndogo imebanwa kwenye kola au kofia, na mlangoni wameshatangaziwa kwamba kurekodi ni marufuku. Ziara iliyozaa nyingi kati ya hizo ilianza Juni 7, 1988 pale Concord, California, mwanamuziki mwenzake Neil Young akiwa mgeni jukwaani, na hadi korona ilipoikatiza, Dylan alikuwa amevuka maonyesho 3,000. Ni machache yaliyopita bila mtu kuyanasa. Nimezisikiliza kwa miaka sasa, mara nyingi usiku kwa hedifoni, maana nyumbani hakuna mwenzangu anayezivumilia.

Kinachonivuta ni kwamba mtu huyu hatabiriki. Wimbo aliouimba polepole jana, leo anaukimbiza. Ufunguo kaubadilisha, melodi kaitupa, beti mbili kaziruka. Unaweza kusikiliza ubeti mzima hujui ni wimbo gani, na utamu wa rekodi ya ukumbini ni kwamba hata waliokuwepo hawajui. Gitaa linaanza, kimya. Mstari wa kwanza, kimya. Kisha kiitikio kinachungulia, makofi yanalipuka kona moja, yanasambaa kwa kuchelewa hadi nyuma kabisa, na jirani wa anayerekodi anamtajia mwenzake jina la wimbo. Rekodi iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye miksa ya fundi mitambo haikupi hayo. Ni safi, kila chombo kiko mahali pake, lakini ni kama watu hawakuja.

Huku kwetu tumeshazoea msanii kupanda jukwaani akaimba juu ya CD, tena kiingilio umelipa. Kwa hiyo mtu anayeuweka rehani wimbo wake maarufu kila usiku namheshimu hata anapoboronga.

Na huboronga kweli. Mwaka 1991 ndio mashabiki wa zamani huutumia kuwatisha wageni. Februari mwaka huo, Vita vya Ghuba vikiwa vinaendelea, alipewa tuzo ya heshima ya Grammy jijini New York, akaimba wimbo wake wa kuwalaani wanaotengeneza silaha, na wengi waliokuwa wakitazama hawakuutambua. Hilo lilirushwa kwenye televisheni, ushahidi upo. Rekodi ya mashabiki iliyojaa sifa mbaya zaidi ni ya Stuttgart, Juni mwaka huohuo. Sauti inapitia puani, maneno yanamezwa nusu, bendi inamfuata kwa kubahatisha. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza nilicheka, nikamwonea aibu, kisha nikairudia. Cha ajabu, mwaka huo ndio kampuni yake ya rekodi ilianza kutoa mfululizo rasmi wa nyimbo zake zilizokuwa zimefungiwa kabatini, na ikaupa jina la zile zile rekodi za magendo ilizokuwa ikizipiga vita: The Bootleg Series.

Baada ya hapo nenda kwenye rekodi ya Prague, Machi 11, 1995. Dylan alikuwa na mafua. Sehemu kubwa ya onyesho hakushika gitaa. Alisimama tu na maikrofoni na harmonika yake, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. Mikono ikiwa haina kazi, akili yote inahamia kwenye kuimba. Anaushika mwisho wa mstari, anaulegeza, anaiacha bendi itangulie kisha anaingia nyuma ya pigo bila haraka. Siku hiyo niliiweka kwenye spika, mdogo wangu wa kike akasimama mlangoni. "Kaka, huyo mzee anaumwa?" Nikamwambia ndiyo, ana mafua. Akakaa akasikiliza nyimbo mbili, na huyo ni mtu ambaye kwa kawaida hunifungia mlango.

Ubora wa sauti ni bahati nasibu. Rekodi za kaseti zina kero yake: upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 huisha baada ya dakika 45, na Dylan hakuwa akimsubiri mtu ageuze kaseti. Wimbo unakatika katikati ya ubeti, unasikia tiki, halafu unaibukia kwenye makofi. Kisha kuna suala la nakala ya nakala, kila inaponakiliwa mvumo unaongezeka. Waliokulia pwani na kaseti za taarabu zilizorekodiwa harusini watakuwa wavumilivu zaidi hapa; tulishajifunza kumsikia mwimbaji kupitia vigelegele vya shangazi aliyekaa karibu na kinasa. Miaka ya 1990 mikanda ya dijitali ya DAT ilipoenea mambo yalinyooka, nakala ikawa sawa na ya kwanza. Lakini DAT haimnyamazishi mlevi wa safu ya nyuma anayeimba naye kwa ufunguo wake mwenyewe.

Mafaili mazuri huja kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti; onyesho la saa mbili ni kama MB 600, kwa hiyo pakua ukiwa na Wi-Fi. MP3 iliyogeuzwa ikageuzwa tena nakushauri uiache. Ndani ya folda tafuta faili dogo la maandishi: wastaarabu wa mchezo huu huandika kifaa walichotumia, aina ya maikrofoni, walikaa upande gani, na orodha ya nyimbo. Folda isiyo na maandishi hayo mimi siigusi. Pia kuna mwiko wa kutouza. Ukikuta mtu anakuuzia, anakuibia wewe na Dylan kwa pamoja. Hata bure, mwenye nyimbo hapati kitu na hajatoa ruhusa, kwa hiyo mimi hununua matoleo rasmi yanapotoka. Siku hizi kunasa kumekuwa kugumu zaidi, maana kwenye maonyesho yake mengi simu hufungiwa kwenye vifuko maalumu hadi mwisho.

Kama dhamiri inakusumbua, kuna njia halali. Mwaka 2016 lilitoka boksi la CD 36 lenye rekodi za ziara yake ya 1966, na ndani yake mmewekwa pia zilizonaswa na watazamaji. Onyesho maarufu ni la Manchester, Mei 17, pale mtu mmoja alipomwita Yuda kwa kuacha muziki wa gitaa kavu. Hiyo ilirekodiwa na mafundi wa kampuni, ndiyo maana kelele ile unaisikia vizuri, na kwa miaka mingi santuri za magendo ziliiuza kwa jina la ukumbi wa Royal Albert Hall wa London. Zile za watazamaji ndani ya boksi hilo ni ngumu kumeza. Mimi nilizipitia harakaharaka.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu ya mlevi. Anza na Prague. Ukiipenda, tafuta maonyesho manne ya ukumbi wa Supper Club, New York, Novemba 1993, aliyopiga kwa vyombo visivyo vya umeme. Hayo yana sauti safi na yeye mwenyewe ametulia. Stuttgart iache hadi umzoee. Na ukikutana na rekodi ambayo mtu ameipitisha kwenye programu ya kuondoa mvumo, tafuta nakala nyingine: mvumo unaondoka kweli, lakini unaondoka na matoazi na nusu ya herufi anazotamka, na kwa mwimbaji anayemeza maneno kama huyu hutabaki na kitu.