Spana ya makucha matatu kwa filta ya oili iliyokwama: uzoefu wangu kwenye Probox ya 1NZ

Anayejifanyia sevisi ya gari nyumbani hapa Kisumu, akishapata jeki na stendi imara, kifaa cha kununua kinachofuata ni spana ya makucha matatu. Zipo zinazoishinda kwa kazi moja moja, nitazitaja, lakini nyingi hufaa filta ya saizi moja tu. Hii inashika filta ya Vitz leo na ya pikapu ya dizeli kesho. 

Yangu haina jina la kampuni. Imechapwa 63–102 tu, yaani kipenyo cha filta kwa milimita. Ina mwili wa chuma wa mviringo, gia ndani yake, na makucha matatu bapa yanayofunga kwa pamoja. Nyuma kuna tundu la pembe nne la inchi 1/2, pamoja na adapta ya 3/8. Ukizungusha racheti, yaani mpini wa kuzungushia unaoingia kwenye tundu hilo, gia ya katikati huyasukuma makucha yaingie ndani, kwa hiyo filta ikizidi kukataa nayo makucha yanazidi kubana. Hapo ndipo inapoishinda spana ya mkanda, ambayo ikiguswa na oili kidogo inateleza tu.

Probox, Fielder na Premio zenye injini ya 1NZ-FE hutumia filta fupi ya Toyota namba 90915-YZZE1, au ya kampuni nyingine inayolingana nayo. Kipenyo cha mkebe ni kama milimita 65 hadi 68, hivyo iko karibu kabisa na mwisho wa chini wa spana hii. Inashika, lakini makucha yanakuwa yamekaribia kufunga yote na nafasi ya kubana zaidi inabaki ndogo. Kama gari lako ni la aina hiyo na hutarajii kugusa jingine, tafuta spana ya kofia ya milimita 65 yenye pande 14. Inavaa kichwa cha filta, yaani ncha iliyo mbali na injini, sawasawa na haipondi mkebe. Ubaya wake ni kwamba filta za bei ya chini wakati mwingine zina pande tofauti au kichwa kilichobonyea, na hapo kofia inazunguka bure.

Kabla ya kulaumu spana, elewa filta inakwamia wapi. Watu hupulizia dawa ya kutu kwenye nyuzi, na nyuzi hazina shida kwa sababu muda wote zinaoga oili. Kinachoganda ni ile raba ya duara inayokaa kati ya filta na uso wa alumini wa injini. Ikifungwa kavu bila kupakwa oili, kisha ikakazwa kwa spana na fundi mwenye haraka, joto la kila siku linaibandika pale kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Dawa ya kutu haifiki kwenye raba. Inachofanya ni kuupaka mkebe utelezi, na hapo makucha hayashiki.

Sasa mpangilio wa kazi, kwa sababu hapa ndipo wengi hujikwamisha. Legeza filta kabla ya kumwaga oili. Ukimwaga oili kwanza halafu filta ikagoma au ikapasuka, gari limelala hapo uani na hulipeleki kwa fundi bila kuvutwa. Kwa hiyo washa injini dakika mbili tatu ili raba ipate joto ilainike, kisha uzime. Usingoje ichemke kabisa, maana eksozi inaunguza mkono na oili ya moto inaunguza zaidi. Asubuhi ya baridi kule Nakuru ongeza dakika chache. Kisha inua gari kwenye sakafu ngumu, weka stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Jeki peke yake haitoshi, hata kama ni kazi ya dakika tano.

Pangusa mkebe kwa kitambaa kikavu. Magari yanayopita Ahero na Kano wakati wa mvua hurudi na udongo mweusi uliokauka hadi kwenye filta, na makucha yakishika udongo hayajashika filta. Usitumie petroli kusafishia. Injini ina moto.

Sukuma spana mpaka ncha za makucha zikaribie upande wa injini, karibu na ule mkunjo ambapo mkebe umeunganishwa na bamba lake la chini. Hapo bati ni gumu. Ukishika kwenye kichwa cha filta, bati ni jembamba na litabonyea ndani kabla raba haijaachia. Weka ekstensheni ya sentimita 15 hivi ili mpini wa racheti ushuke chini ya bampa na upate nafasi ya kuzunguka.

Mwelekeo ni kinyume cha mwendo wa saa, ukiitazama filta kutoka upande wa kichwa chake. Ukiwa chini ya gari unaona sawa. Ukiwa umeinama kutoka juu, umeegemea radieta, unaona kinyume, na hivyo ndivyo watu hukaza filta iliyokwama wakidhani wanailegeza. Hakikisha pia kiswichi cha racheti kiko upande unaofungua.

Vuta taratibu kwanza ili makucha yaume, halafu ongeza nguvu kwa mvuto mmoja mfupi na mkali. Raba iliyoganda huachia kwa mshtuko. Ukivuta polepole kwa nguvu nyingi unapinda mkebe tu. Ikiachia utasikia mlio mdogo wa kuvunjika na mpini utakuwa mwepesi ghafla. Simama hapo, irudishe kwa mkono isivuje, kisha nenda kwenye nati ya kumwagia oili, ambayo kwenye 1NZ inafunguliwa kwa spana ya 14.

Mkebe utabonyea. Kwa filta iliyokazwa sana makucha yataacha mashimo matatu, na wakati mwingine oili itachuruzika. Haina neno, filta hiyo inakwenda kutupwa. Ukiona mkebe unazunguka na bamba halisogei, acha mara moja. Ukiendelea utachana bati na kubaki na duara la chuma lililonata kwenye injini.

Kwa hali hiyo, au pale nafasi ni finyu kiasi kwamba makucha hayawezi kuzunguka filta, spana ya cheni ni bora. Inaingia pembeni, inashika kwenye mkunjo wenyewe, na haijali mkebe ulioharibika. Inahitaji nafasi ya kuzungusha mpini, na kwenye Probox nafasi hiyo si kubwa.

Ile mbinu ya kupitisha bisibisi kwenye filta kwa nyundo bado inatumika sana kwa mafundi wa jua kali, wale wa karakana za wazi. Mimi siipendi. Bati linachanika kama karatasi, oili inamwagika kwenye mkono, na bisibisi ikiingia karibu na injini inaweza kugonga mrija wa katikati wenye nyuzi. Ukibakiwa na bamba pekee, tumia tindo butu ukingoni mwake, ugonge pole pole kuelekea upande wa kufungua, bila kugusa uso wa alumini. Mkwaruzo hapo utavuja maisha yote. Wakati mwingine ule mrija wenye nyuzi unatoka pamoja na filta. Usiutupe! Utoe, safisha nyuzi zake, urudishe injini ukiwa umekaza vizuri, ndipo ufunge filta mpya.

Kufunga hakuhitaji spana hii hata kidogo, na ningependa wauzaji waandike hivyo kwenye pakiti. Angalia kwanza kama raba ya zamani imetoka pamoja na filta. Ikibaki imenata kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, raba mbili zitasukumwa nje na presha na oili yote itakuwa barabarani ndani ya dakika chache. Pangusa uso wa injini, paka raba mpya oili safi kwa kidole, zungusha kwa mkono hadi raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Chora alama kwa kalamu ili uone umefika wapi. Nati ya kumwagia oili iwekwe wosha mpya, ile pete bapa inayozuia kuvuja.

1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina lita 3.5, washa injini, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, chungulia chini kama pana tone, zima, subiri dakika tano, kisha ongeza kidogo kidogo ukifuata kijiti cha kupimia. Oili chafu ikusanye kwenye galoni. Mitaro ya Kisumu inaishia ziwani, na wapo wenye ua wa mbao wanaoitafuta kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Udhaifu wa spana yenyewe: ripiti za makucha hulegea, na gia hukauka ikikaa na vumbi, kwa hiyo tone la grisi baada ya kila kazi linasaidia. Unene wake pia ni tatizo kwenye injini zenye filta iliyojificha nyuma ya mhimili au eksozi.

Ukienda kununua soko la Kibuye au kwenye maduka ya spea, usichukue ile yenye makucha ya bati lililokunjwa. Chukua yenye makucha ya chuma kizito, na namba ndogo iliyochapwa isizidi kipenyo cha filta yako. Iingize racheti palepale dukani, ufunge na kufungua. Makucha matatu yanapaswa kutembea pamoja. Moja likichelewa, gia imeliwa au imewekwa vibaya, na kwenye filta yatakuwa yanashika mawili tu. Beba na filta ya zamani ukaijaribie.