Anemoni za juani: soma kabla hujatuma hela

Mwezi wa pili nilimtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni Sh 35,000, nikaletewa na bodaboda hapa Tabata kifuko cha vitunguu kumi vya kupanda vya maua ya anemoni. Kwenye picha ua lilikuwa jekundu la kukolea, kitovu cheusi, na chini yake kaandika "linapenda jua kali". Jua uwani kwangu lipo la kugawa kwa majirani. Nikapanda. Siku ya 22 nikafukua kwa kijiko cha chai: kitunguu cha kwanza kikapondeka kama ndizi iliyosahaulika kwenye mkoba, na harufu ndiyo hiyo hiyo. Vyote kumi.

Habari za rangi, mbolea na vyungu utazipata popote. Mimi nataka tuongee kuhusu usiku. Anemoni inayouzwa sana kwa vitunguu, Anemone coronaria, asili yake ni nchi za Mediterania. Huota kwenye baridi, ikachanua majira ya kuchipua. Jua inalipenda kweli, lakini usiku inataka nyuzi 5 hadi 10. Dar mwezi wa pili usiku ni nyuzi 25 hivi, na hata Julai, tunapotoa masweta kabatini, ni kama 18. Muuzaji anakutajia jua kwa kuwa ndilo unaloliuliza. Wewe muulize kuhusu usiku. Kama unalala na feni, ujue kitunguu chako kiko kwenye joto hilo hilo, tena kimefukiwa kwenye unyevu.

Nikiyapanga maua ya juani, namba moja kwangu ni De Caen, aina ya hiyo coronaria, na upendeleo sifichi: petali za tabaka moja, bua limesimama, rangi haina aibu. Ila inunue kama una ndugu huko juu milimani kwenye baridi. Vitunguu vya mara ya pili nilimpelekea mama mdogo Lushoto mwezi wa tano, na Agosti akanirushia picha. Loweka kwa muda wa masaa matatu au manne tu, usiache usiku kucha, vitaoza. Fukia sentimita 5, ncha ikiangalia chini. Ncha ikikushinda kuijua (vinafanana na mavi ya mbuzi yaliyokauka), laza ubavu.

Namba mbili, kwa mwenye uwanja wa Dar, wala si anemoni: ni adeniamu, waridi la jangwani. Hili ni la kwetu, linaota lenyewe kwenye nyika kavu za Tanzania. Chagua lenye kitako kinene, ubonyeze kwa kidole. Kikiwa laini, mwachie mwenyewe. Maji kidogo. Utomvu wake ni sumu, watoto wasichezee.

Namba tatu ni St Brigid, aina nyingine ya coronaria, petali tele, mvua ikipiga inainama. Anemone blanda nimeiweka mwisho, maana inataka baridi kuliko zote, na anayekuuzia Dar anakuchezea. Portulaka na vinka, maua ya juani ya bei chee, zinaota, basi.

Kinachoniudhi si hela. Nilimpigia yule muuzaji, akauliza kama nilimwagilia. Ndiyo. "Basi ulizidisha, dada." Nikamuuliza usiku je? Akacheka, akasema maua hayalali. Wiki hii kaweka picha ile ile, na sasa ni Sh 40,000.