Kurudisha mamlaka ya majimbo Marekani: mkutano wa Katiba au Mahakama ya Juu?

Kwenye karatasi, Ibara ya 5 ya Katiba, inayoeleza jinsi ya kuirekebisha, ni nyepesi. Mabunge ya majimbo 34 kati ya 50 yakiomba, Kongresi, yaani bunge la serikali kuu, lazima iitishe mkutano wa kupendekeza marekebisho, na pendekezo huingia kwenye Katiba likiridhiwa na majimbo 38. Njia hii haijatumika hata mara moja: marekebisho yote 27 yalianzia Kongresi. Katiba haisemi kila jimbo litakuwa na kura ngapi mkutanoni, wala nani atauzuia usitoke nje ya ajenda. Hofu hiyo imefanya baadhi ya majimbo yafute maombi yao.

Mahakamani, kwanza jimbo lithibitishe kuwa limeumizwa. Likishindwa, kesi hutupwa hoja yenyewe haijaguswa, kama ilivyoikuta Texas mwaka 2023. Likivuka hapo, Marekebisho ya 10, yanayoyaachia majimbo mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, yana nguvu. Mwaka 1997 iliamuliwa kwamba masherifu hawawezi kuamriwa na serikali kuu kuchunguza wanunuzi wa bastola; mwaka 2018 New Jersey ikashinda haki ya kuruhusu kamari za michezo.

Pesa ambazo serikali kuu huyapa majimbo kwa masharti ndizo ngumu. Mwaka 1987 Mahakama ilikubali South Dakota ikatwe asilimia 5 ya fedha za barabara kwa kuruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe. Mwaka 2012 ikakataa tishio la kuyanyima majimbo yasiyopanua Medicaid, bima ya afya ya watu wenye kipato kidogo, fedha zake zote. Mpaka kati ya hayo mawili haujachorwa.

Tungeanza mahakamani. Lakini Marekebisho ya 17 ya 1913, yaliyowanyang'anya wabunge wa majimbo uteuzi wa maseneta, hakuna jaji awezaye kuyafuta.