Smoka ya dola 250: nyama inatoka, ila majivu yatakutoa jasho

Nimekaa nayo hii smoka ya ofseti (jiko la kuivisha nyama kwa moshi, moto unakaa ubavuni) mwaka na kitu sasa hapa Houston, na kwa vile kila tukikutana kwenye shughuli lazima mtu aniulize ninunue au nisinunue, acha niseme niliyoyaona. Jina la kampuni nalihifadhi. Ni zile za bei chee, bati jembamba, ina pipa refu la kulaza nyama, ubavuni kuna kisanduku cha kuwashia kuni na dohani iko upande wa pili, kwa hiyo moshi na joto vinapita juu ya nyama ndo vitoke. Kwa kuku na mbavu, kazi ya saa nne tano, sina neno. Weka kidari sasa uone.

Kidari cha ng'ombe cha kilo 6 kinaweza kukula saa 12 na zaidi, na huku Texas wengi wanachomea kuni za mwaloni, ule wanaouita post oak, siyo mkaa kama tulivyozoea. Mara ya kwanza niliwasha saa kumi alfajiri, kufika saa mbili joto limetulia nyuzi 120 nikajiona fundi. Saa nne likaanza kushuka. Nikaongeza kuni, likashuka tena, 110, 100, na moshi ule mwembamba wa bluu ukageuka mweupe mzito kama mtu anachoma majani mabichi, nikaongeza nyingine (hapo ndo nilijimaliza) ikalala inafuka tu haishiki. Nyama ilitoka chungu mpaka ulimi ganzi, wageni wanasema tamu huku kila tonge wanashushia na soda.

Kesho yake nafungua ndo naona. Wavu wa kuwekea kuni umekaa chini mno, kati yake na sakafu haviingii hata vidole vitatu, na tundu la hewa liko hukohuko chini, sasa majivu ya saa sita yameshagusa wavu, hewa ipite wapi? Bibi yangu Tanga akimaliza kupika usiku alikuwa anafukia makaa kwenye majivu, asubuhi anafukua anapuliza, moto huo. Yaani na mimi nilikuwa naulaza moto wangu katikati ya kazi halafu nashangaa hauamki!

Nilichofanya, nimenunua kipande cha wavu mzito nikakipandisha juu ya matofali, chini sasa ngumi inapita. Kila baada ya saa mbili tatu navuta majivu kwa kijembe kibovu nilichokata mpini, navuta polepole kuja mlangoni, sichokoroi, maana ukichokoroa majivu yanaruka yanaenda kutua kwenye nyama. Na usiyamalize jamani, makaa mekundu yaache pale, ndo yanayowasha kuni inayofuata, kuna siku nilisafisha kwa sifa nikatoa na makaa, nusu saa nzima nakimbizana na joto. Kuni nayo iwe ndogo, unene wa mkono hivi, moja kila dakika 40 au ukiona joto linalegea, na naitanguliza juu ya kisanduku ipate moto ili ikiingia ishike palepale. Dohani wazi muda wote. Joto likizidi punguza kuni, usiunyime moto pumzi, ule moshi mchungu unatokea hapo.

Mengine madogo madogo: kipimajoto cha kwenye mfuniko ni muongo, nunua chako ukiweke jirani na nyama. Mfuniko unavuja moshi pembeni. Rangi ya kisanduku ilibabuka siku ya kwanza. Kutu ndo usiseme, majivu yakibaki ndani na unyevu wa Houston yanakula chuma, nilisahau wiki mbili za mvua na kona moja imeshaanza kutoboka.

Naipa nyota tatu. Mwenye hela atafute ya bati nene la milimita 6, inashika joto na kuni zitapungua.

Ukinunua hii, kanunue na ndoo ya chuma yenye mfuniko siku hiyohiyo, majivu yakae humo siku kadhaa kabla hujayatupa. Mi niliyatupa asubuhi yake yakiwa yamepoa kabisa, kwa macho yangu. Pipa la taka ni la plastiki, saa hizi lina tundu ubavuni linaingia kichwa cha paka.