Gia zilikataa, kumbe ni waya: uzoefu wangu na fundi wa Buguruni

Wiki mbili nzima nilikuwa nakanyaga gia kama napiga mlango teke. Pikipiki yangu ina injini ya cc 125, gia nne, naitumia kupeleka mizigo midogo toka Kariakoo mpaka Tabata. Shida ilianzia kwenye mataa ya Buguruni: nimesimama, nimebana klachi mpaka mwisho, frii (pale ambapo hakuna gia iliyoshika) haiingii, na chombo kinanisukuma polepole kwenye mgongo wa daladala. Nikazima injini. Hapo hapo frii ikaingia kwa kuigusa tu.

Jibu lilikuwa hilo, ila sikulijua. Fundi wa karibu na kijiwe chetu alisikiliza mlio nusu dakika akatangaza: "Kaka, giaboksi imekwisha hiyo, tunapasua injini." Laki moja na nusu, vifaa juu yangu. Nikamwambia naenda kutafuta hela.

Fundi wa pili, mzee wa Buguruni, hana hata bango, hakushika spana. Aliuliza kwanza: moto ukizimwa gia zinaingia? Inasumbua ikiwa baridi au ikishachemka? Oili umeweka ya nini? Kisha akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akawasha, akatia gia ya kwanza huku kabana klachi. Tairi la nyuma likazunguka. Akasema kuzunguka kidogo si hoja, ila alipogusa breki ya nyuma injini ikataka kuzima. "Klachi haiachii, mwanangu, injini bado inazivuta gia hata ukibana. Gia zako nzima."

Akavuta kile kimpira cha kwenye mkono wa klachi. Nyuzi za waya zilikuwa zimefumuka kama kamba ya mbuzi, nyingine zimekatika kabisa. Mkono ulikuwa unacheza karibu unene wa kidole kabla haujaanza kuvuta. Alipofunga waya mpya alibakiza mchezo wa kama milimita 2 au 3 pale shinani mwa mkono. Waya 7,000, ufundi 5,000.

Oili nilidhani ananipiga. Nilikuwa nimeweka ya gari, yeye akataka imwagwe. Akanieleza kwamba klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na za gari nyingine zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi ikaanza kuteleza. Akanituma dukani mwenyewe nitafute kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki yenye klachi ya kuogelea kwenye oili. Hakuniuzia yeye.

Lawama zipo. Nilikaa saa tatu juani kwa kazi ya nusu saa, maana kila bodaboda aliyepita na pancha alihudumiwa kwanza. Risiti usiulize. Siti ilirudi na alama ya kiganja cha grisi.

Nilimuuliza injini inapasuliwa lini basi. Akasema gia ikichomoka yenyewe ukiwa umebeba mzigo, au ikikataa hata moto ukiwa umezimwa, hapo ndiyo tuanze kuongea habari za ndani.

Yule wa kijiweni bado ananiuliza hela nimepata lini.